Hesabu ya Ada Isomwe Mbele ya Wenye Ada

Liko jambo moja ambalo wafanyakazi wa hapa Isongole wamelinong'ona kwa muda mrefu, wakiwa kwenye mabenchi ya chai au wakingojea gari la kwenda Itumba na Tunduma. Leo tunapenda tulitoe katika minong'ono tuliweke mezani, maana jambo linalowahusu watu wengi si la kusemwa kwa kuziba mdomo kwa kiganja. Jambo lenyewe ni hili: ada ya chama cha wafanyakazi hukatwa katika mshahara kila mwezi, bila kukosa hata mwezi mmoja, lakini aliyekatwa haambiwi zimekusanywa fedha kiasi gani, zimetumika kwa lipi, wala zimebaki ngapi.

Isongole si mji mkubwa. Ni mahali pa mpakani katika Wilaya ya Ileje, Mkoa wa Songwe, na ukivuka upande wa pili u katika Malawi, njia ya Chitipa. Hatuna viwanda vya kuajiri maelfu. Wafanyakazi wetu ni walimu, wauguzi, watumishi wa halmashauri, watu wa ofisi za mpakani, madereva na walinzi. Na pembeni yao wako wapagazi wa mizigo ambao hawana mshahara wa kukatwa wala chama cha kuwasemea, nao wana habari yao ndefu ambayo tutaisema siku nyingine. Walakini udogo wetu ndio unaotupa haki ya kusema. Makao makuu ya chama yakiwa mbali, na wanachama wakiwa wachache, hapo ndipo inapoonekana kama chama ni cha wote au ni cha walio karibu na ofisi.

Tutaeleza kisa kimoja, wala hatutataja jina la mtu, la chama wala la mwajiri, kwa kuwa nia yetu si kumshitaki mtu gazetini. Alikuwapo mlinzi wa usiku, mtu mzima mwenye familia, aliyekatwa ada kwa zaidi ya miaka 7. Asubuhi moja alipokuwa akikabidhi lindo alipewa barua ya kuachishwa kazi, yenye mistari minne. Alikwenda kwa katibu wa tawi, kama mwanachama anavyopaswa. Katibu wa tawi naye ni mfanyakazi tu kama yeye: hana ofisi, karatasi hununua kwa fedha yake, na simu anayopigia ni yake. Akapiga simu mkoani. Akaambiwa kuwa bwana mwenye kushughulikia mashauri hayupo, yuko semina. Juma lililofuata akaambiwa gari halina mafuta. Juma la tatu akaambiwa asubiri, atapigiwa.

Sasa kila mwanachama na alijue jambo hili, maana wengi hawalijui mpaka maji yawafike shingoni: mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi katika siku 30. Zikipita, mfanyakazi hana budi kwanza aombe kuongezewa muda na aeleze kwa sababu za kutosha kwa nini alichelewa, na kusema "nilikuwa nangoja simu ya chama changu" kunaweza kusitoshe. Siku 30 zikapita. Yule mlinzi akarudi kulima mahindi. Haki yake hatujui ingeamuliwaje, huenda angeshinda, huenda angeshindwa. Lakini hakusikilizwa, na hilo ndilo alilokuwa akililipia ada miaka yote ile.

Muda si mrefu ikafika Mei Mosi. Tawi likaletewa boksi la fulana na kofia. Fulana zilikuwa nzuri, hatukatai, na wengine wetu tunazo mpaka leo. Lakini mtu mmoja, akiishika ile yake mkononi bila kuivaa, aliuliza swali ambalo halijajibiwa: ni nani aliyeamua kuwa fedha ya fulana ipo na nauli ya kumpeleka mwanachama kwenye Tume haipo?

Hatusemi kuwa fedha imeibwa. Twaomba msomaji aliangalie hili kwa makini. Huenda uamuzi ulifanywa kwa halali kabisa, katika kikao halali, na watu wenye nia njema. Huenda bajeti ya mashauri ilikuwapo ikaisha kwa mashauri ya wilaya nyingine. Yote yawezekana. Tatizo ni kwamba hapa tawini hapakuwa na mtu hata mmoja, wala katibu mwenyewe, aliyeweza kusema ndiyo au siyo. Na mahali ambapo hapana anayejua, watu hujaza pengo kwa dhana. Kiongozi mwaminifu na kiongozi mwizi huonekana sura moja wote wawili wakiwa nyuma ya daftari lililofungwa. Anayepata hasara kubwa hapo ni yule mwaminifu, naye ndiye tungetarajia awe wa kwanza kulifungua.

Sheria ya nchi haiko upande wa daftari lililofungwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri, mfanyakazi akisharidhia kukatwa, azipeleke fedha hizo kwenye chama katika siku 7 baada ya mwezi kwisha. Sheria hiyo hiyo yakitaka chama nacho kiweke vitabu vya mapato na matumizi, kitengeneze taarifa ya fedha ya kila mwaka, kikaguliwe na mkaguzi wa hesabu aliyesajiliwa, na taarifa hiyo iwekwe mbele ya mkutano wa wanachama au wa wawakilishi wao, na ipelekwe kwa Msajili. Mwanachama ana haki ya kuiona. Hayo yameandikwa, wala si fadhila ya kiongozi yeyote.

Basi mbona hatuoni? Jibu, kwa maoni yetu, limo katika maneno matatu madogo: "au wawakilishi wao." Chama chenye wanachama nchi nzima hakiwezi kuwakusanya wote uwanja mmoja, hilo twalielewa. Kwa hiyo hesabu husomwa katika mkutano wa wajumbe. Wajumbe hukutana mji wa mbali, katika ukumbi mzuri, taarifa ya kurasa nyingi hugawiwa asubuhi ya siku ile ile, husomwa upesi upesi kabla ya chakula cha mchana, mwenyekiti huuliza kama inapokelewa, mikono hunyooshwa. Sheria imetimizwa. Kisha mjumbe hurudi nyumbani na begi la mkutano, kalamu, na kile kitabu cha taarifa, akakiweka juu ya kabati. Hapo ndipo njia inapokatika. Chama kimetoa hesabu kwa wawakilishi, lakini wawakilishi hawakutoa hesabu kwa waliowatuma. Tukimlaumu Katibu Mkuu peke yake tutakuwa tumemwacha mjumbe wetu wenyewe, jirani yetu, ambaye tunamwona kila siku sokoni na hatujamuuliza.

Desturi hii ya viongozi kutazama juu badala ya kutazama chini ina asili yake, na wafanyakazi vijana hawana budi waijue. Katika miaka ya 1950, vyama vilipokuwa vikianza kujijenga, mkusanya ada alizunguka mwenyewe na kitabu cha stakabadhi, kutoka mtu hadi mtu, siku ya mshahara. Ilikuwa kazi ya taabu na fedha ilikuwa haba. Lakini kila mwezi chama kilikuwa kikipigiwa kura bila sanduku: mwanachama asiyeridhika alifunga mkono wake, akasema njoo mwezi ujao, na kwanza uniambie lile shauri la fulani limefikia wapi. Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi wa Tanganyika, TFL, lililoundwa mwaka 1955 na kumchagua Rashidi Kawawa kuwa Katibu Mkuu wake wa kwanza, lilikua juu ya ada za namna hiyo.

Baada ya Uhuru mambo yalibadilika. Mwezi Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi, viongozi kadhaa wa vyama vya wafanyakazi wakatiwa kizuizini, na mwaka huo huo TFL ikavunjwa kwa sheria, ikaundwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote. Katibu Mkuu wake na Msaidizi wake waliteuliwa na Rais wa Jamhuri. Bwana Michael Kamaliza, Katibu Mkuu wa kwanza wa NUTA, alikuwa pia Waziri wa Kazi. Ada ilikatwa kwenye mshahara. Jirani zetu wa Kenya nao walikwenda njia iliyofanana: COTU ilipoundwa mwaka 1965, Rais ndiye aliyemteua Katibu Mkuu kutoka katika majina matatu aliyopelekewa.

Hatutaki kuwa wasahaulifu wala wasio na shukrani. Taifa lilikuwa changa, na hofu ya kusambaratika ilikuwa ya kweli. Tena miaka ile ilikuwa na mema yake: Sheria ya Ulinzi wa Ajira ya mwaka 1964 iliweka kamati za wafanyakazi mahali pa kazi, na bosi hakuweza tena kumfukuza mtu kwa sababu tu ameamka vibaya. Lakini jambo moja lilipotea. Kiongozi aliyeteuliwa kutoka juu, na ambaye fedha ya chama chake huingia hata kama wanachama wote wamenuna, hana sababu ya kuhangaika na manung'uniko ya Ileje. Manung'uniko yalikuwa makubwa kiasi kwamba Tume ya Rais iliundwa kuichunguza NUTA, na taarifa yake ikachapwa mwaka 1967, miaka mitatu tu tangu chama hicho kuzaliwa.

Kisha ukaja Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, uliowakanya viongozi wasiwe na majivuno na ubabe kwa walio chini yao. Wafanyakazi waliuchukua kwa moyo wote, pengine kwa moyo zaidi kuliko walivyotarajia walioutunga. Kati ya 1971 na 1973 migomo ilitokea viwandani, na wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walifika mwaka 1973 hatua ya kukishika kiwanda wenyewe. Mara nyingi walifanya hayo bila kupitia NUTA. Wafanyakazi waliokuwa na chama kikubwa, tena chenye fedha, walikipita mlangoni bila kubisha hodi. Sisi twaona hiyo ndiyo hukumu nzito kuliko zote ambayo chama cha wafanyakazi chaweza kupewa.

NUTA ikaipisha JUWATA mwaka 1978, na JUWATA ikaipisha OTTU mwaka 1991. Sheria ya vyama vya wafanyakazi ya mwaka 1998, iliyoanza kutumika mwaka 2000, ikaivunja OTTU na kuviacha vyama vya kila sekta vijisajili na kujichagulia viongozi vyenyewe. Ndipo ikaja TUCTA. Kwa hiyo leo hakuna Rais anayemteua Katibu Mkuu wa chama cha wafanyakazi. Kisingizio cha kutazama juu kimeondoka zaidi ya miaka 20 iliyopita. Desturi ndiyo iliyobaki, kama mtu aliyeondolewa mzigo kichwani na bado anatembea ameinama.

Hutolewa sababu mbili za kuficha hesabu, na yafaa tuzijibu. Ya kwanza ni kwamba hesabu ikisomwa tawini mwajiri atajua nguvu na udhaifu wa chama. Lakini hesabu hiyo tayari hupelekwa kwa Msajili, ambaye ni mtumishi wa Serikali, na Serikali ndiyo mwajiri wa walimu na wauguzi wetu! Basi mwajiri yu aweza kujua, na mwanachama ndiye afichwaye. Siri ya namna gani hiyo?

Sababu ya pili husemwa kwa upole zaidi: kwamba wanachama wa kawaida hawazielewi hesabu, zitawachanganya. Anayesema hivyo na aje hapa siku ya soko. Atamwona mama muuza nafaka akipokea kwacha, akirudisha chenji kwa shilingi, huku akimkumbusha mteja wa tatu deni la juma lililopita, wala hana kalamu. Na aende kwenye vikoba vya akina mama hao. Sanduku la fedha lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, halifunguliwi mpaka wote wamekaa. Fedha huhesabiwa mezani kwa sauti, na kila mmoja hukumbuka kichwani salio la juma lililopita kabla ya mweka hazina kulitaja. Hakuna mkaguzi kutoka Dar es Salaam, na asiyejua kusoma naye ni mkaguzi. Mwanamke huyo huyo, ikiwa ni muuguzi au mwalimu, aingiapo katika mkutano wa chama chake cha wafanyakazi huambiwa kuwa mambo ya fedha ni mazito.

Hata hivyo tusiwe watu wa kunyoosha kidole upande mmoja. Sisi wanachama tuna makosa. Mkutano wa tawi ukiitishwa tunakuja robo, na hao robo nusu yao wanatazama saa. Wakati wa uchaguzi tunamchagua mtu kwa kuwa ni wa kwetu, au kwa kuwa anajua kuongea, au kwa kuwa alitununulia soda. Hatumuulizi kama mara ya mwisho alipotumwa alirudi akatuambia nini. Wengi hatujawahi kuishika katiba ya chama chetu mkononi. Wengine wakikasirika huhama na kujiunga na chama kingine. Hiyo ni haki yao, na kuwapo kwa vyama zaidi ya kimoja kunawafanya viongozi wasilale usingizi mzito. Lakini mtu akihama chama kwa sababu ya daftari lililofungwa, akafika kwenye chama kipya na asiulize daftari liko wapi, amebadilisha rangi ya fulana tu.

Tunachokitaka ni kidogo, na hakihitaji sheria mpya. Karatasi moja ibandikwe kwenye ubao mahali pa kazi kila baada ya miezi mitatu, ikisema: kutoka tawi hili zimekatwa shilingi kadha, zilizorudi tawini ni kadha, zimetumika kwa hili na hili. Mjumbe aliyehudhuria mkutano wa juu aje mbele ya tawi katika mwezi mmoja, na kile kitabu chake akitoe juu ya kabati, akisome, aulizwe. Posho aliyolipwa safarini aitaje naye. Si dhambi kulipwa posho, dhambi ni kuifanya siri. Tena fungu la mashauri ligawanywe, na sehemu yake ikae tawini au wilayani, mikononi mwa watu watatu kama zile funguo za vikoba, ili mwanachama akiachishwa kazi asubuhi, jioni katibu wa tawi awe na nauli na fomu. Siku 30 ni chache kwa mtu wa Ileje ambaye lazima asubiri gari la mkoani lipate mafuta.

Viongozi wa mkoa wataona labda kuwa tunawapunguzia heshima. Sivyo. Kiongozi anayekwenda kuzungumza na mwajiri juu ya mishahara, hali anajua kuwa wanachama wameiona hesabu yake na wameipitisha, hukaa kwenye kiti kile kwa namna nyingine. Mwajiri naye hulijua hilo. Ni rahisi sana kumnyamazisha mwakilishi ambaye wanachama wake wenyewe wanamshuku.

Mkutano wa tawi letu umeitishwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, saa nane mchana, katika darasa la shule. Tumeuona mpangilio wake. Fedha haikutajwa mahali popote, isipokuwa kama itaingizwa katika "Mengineyo", ambayo ni ajenda ya mwisho. Tumeandika kwa katibu, kwa heshima, tukiomba hesabu ya tawi na taarifa ya mjumbe wetu ziwe ajenda ya pili, mara tu baada ya kufungua mkutano, kabla watu hawajaanza kutoka mmoja mmoja kuwahi magari.